Mashine ya Awadhi na Wimbo wa Moza

Moza alikuwa mwimbaji muda mrefu kabla mdogo wake Awadhi hajajua kwamba kuimba ni kazi. Alitoka Lindi akiwa msichana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo jijini Dar es Salaam kufunga majora ya kitambaa, na kiongozi wa bendi ya kiwanda akamsikia akiimba kwenye foleni ya chai. Enzi zile kiwanda kilikuwa cha serikali na bendi ilikuwa ya kiwanda: magitaa ya kiwanda, gari la kiwanda, sare zilizoshonwa kwa kitambaa cha kiwanda. Jumamosi Moza alisimama jukwaani kwenye kumbi za Magomeni na Ilala. Jumatatu alirudi kwenye majora. Mama yao alipofariki, Moza ndiye aliyemchukua Awadhi, akamleta mjini, akamsomesha na kumvisha. Kitu kimoja tu alimkatalia.

"Dansini huji," alikuwa akimwambia. "Siku ukiota ndevu tutaongea."

Kabla Awadhi hajaota ndevu, kiwanda kikauzwa. Wenye kiwanda wapya hawakuwa na haja na bendi. Vyombo viligawanwa, gari likabaki juu ya mawe, na stoo ikatolewa kila kilichokuwamo, pamoja na kanda za nyimbo zote ambazo bendi ilizirekodi. Moza alikwenda kuziulizia. Mlinzi akampeleka nyuma ya ukuta, akamwonyesha rundo la utepe mweusi uliojisokota kwenye majani, umenyeshewa na mvua. Alirudi nyumbani akakanda unga wa maandazi. Tangu siku ile maandazi ndiyo ikawa kazi yake, kwenye baraza ya nyumba waliyopanga Kariakoo, na asubuhi wateja wake wengi hawakujua kabisa kwamba mama huyu mwembamba anayewafungia maandazi kwenye gazeti aliwahi kuwafanya watu waache bia zao mezani.

Awadhi alikua, na dunia nyingine ikafika. Redio za watu binafsi zilianza kuota mjini, na kila kijana mwenye mistari kichwani alitafuta studio. Awadhi alikuwa na kinanda kikuukuu alichojifunzia mwenyewe. Alikiuza, akanunua kompyuta iliyotumika pamoja na kibodi nyembamba ya muziki ambayo yenyewe haikuwa na sauti hata moja. Ukibonyeza, inapeleka habari tu kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayotengeneza sauti ya gitaa, besi, au tarumbeta. Alibandika trei za mayai kwenye kuta za chumba chake, akatundika blanketi mlangoni, na vijana wakaanza kuja. Kwa biti, ile midundo yao nyepesi, mashine ile ilitosha.

Ulikuwa mwaka ambao Moza alianza kupumzika katikati ya kukanda unga.

Kwanza alisema ni uchovu. Kisha miguu ikaanza kuvimba, na akawa analala ameegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali anahisi kama amekaliwa kifuani. Hospitalini daktari alisema moyo umetanuka, kwamba homa fulani ya utotoni iliharibu milango yake ya kupitishia damu, na kwamba dawa zitamsaidia lakini hazitamponya. Matibabu yenyewe yako nje ya nchi. Moza alisikiliza, akasema asante daktari, wakarudi mpaka karibu na nyumbani.

"Awadhi," alisema, ameshika ukuta wa duka la watu ili apate pumzi. "Nataka uninase."

"Nikunase?"

"Sauti. Ule wimbo wangu wa getini. Hata wewe hujawahi kunisikia na vyombo. Nilikukataza kuja."

Awadhi aliitikia haraka, kama mtu anayeogopa asije akaulizwa mara ya pili. Wimbo wenyewe aliujua nusunusu, kwa kuusikia ukitoka jikoni tangu utotoni. Ulikuwa wa msichana wa kiwandani anayemngoja mpenzi wake zamu zinapobadilishana:

*Nisubiri getini, king'ora kikilia,*
*mikono ina pamba, moyo una wewe.*

Aliutengenezea muziki kama alivyowatengenezea vijana: ngoma inarudi palepale, besi inarudi palepale, mwendo mmoja mwanzo hadi mwisho. Moza alivaa hedifoni, akafumba macho, akaingia. Mstari wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili alihitaji kuvuta pumzi, lakini muziki haukumngoja. Alipokuwa tayari, nafasi yake ilikwishapita. Alijaribu kuudaka, akakohoa, akavua hedifoni.

"Huyu mpigaji wako hasikii," alisema. "Bendi yetu ilikuwa inanisikiliza. Nikichelewa, wanazunguka, wananisubiri."

Basi dawa ilikuwa moja tu: Awadhi ampigie mwenyewe, palepale, vidole kwenye kibodi na macho kwenye mdomo wa dada yake. Lakini hapo ndipo mashine ilipofikia kikomo. Kutengeneza sauti za vyombo vyote vile papo hapo, na wakati huohuo kunasa sauti ya Moza, kuliishinda. Kila alipobonyeza noti tatu nne pamoja, sauti ilikatikakatika kama matone ya maji kwenye kikaango cha mafuta ya moto. Alipunguza vyombo, ikaendelea. Alikwenda kuazima kinanda chenye sauti zake. Ulikuwa msimu wa harusi, na kila kinanda alichokijua kilikuwa harusini. Kununua prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa ndoto.

Alikwenda kwa Jaimin.

Yeye na Jaimin walikuwa wa rika moja. Baba yake, mzee Shashikant, aliuza vitenge kwenye duka la mbele, na tangu biashara ya nje ilipofunguliwa, Jaimin alikata nusu ya nyuma ya duka akaijaza kompyuta zilizotumika kutoka Dubai. Ndiye aliyemuuzia Awadhi mashine yake.

"Shikamoo mzee," Awadhi alisema akipita kati ya majora ya vitenge.

"Marahaba. Dada anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo, mzee."

Huko nyuma alimweleza Jaimin kila kitu. Jaimin alisikiliza huku akizungusha bisibisi kidoleni.

"Prosesa yako ina nguvu kuliko ilivyoandikwa," alisema. "Kiwandani wameifunga breki kidogo, ili wauze ya juu kwa bei ya juu. Unaweza kuipandisha mwendo. Sisi tunaita kuichapua. Lakini ukiichapua inatoa joto, na joto ndilo linaloua. Ulaya wanafanya kwenye baridi. Hapa Bongo, mwezi huu? Lazima uipoze sawasawa."

"Nipe hicho cha kupozea."

"Kikubwa sina, mpaka mzigo uje. Nisikilize, Awadhi. Unapandisha mwendo ngazi moja moja. Kila ngazi unaifanyisha kazi ngumu masaa mengi, uone haigandi, uangalie joto, ndiyo upande nyingine. Kabla ya yote unanakili kazi zako kwenye sidii. Na ngazi ya kabla ya mwisho, usikae. Pita tu. Ile ya mwisho ni salama zaidi kuliko hiyo, kama umepoza."

"Inakuwaje ya juu iwe salama kuliko ya chini?"

"Kwa sababu prosesa haikimbii peke yake. Inaburuta na diski inayohifadhi kazi zako. Ukifika ya mwisho, bodi inayobeba prosesa inajua kuugawa mwendo, diski inarudi kwenye mwendo wake. Kwenye hiyo ya kabla ya mwisho diski inakimbizwa kupita kiasi, na hutajua mpaka imekuharibia."

Awadhi alisikia. Lakini alikuwa amesikia pia jinsi Moza alivyopumua asubuhi ile, na kati ya sauti zile mbili ni moja tu iliyobaki kichwani mwake alipofika nyumbani. Alifungua mashine. Feni ndogo ilikuwa imevaa vumbi la Kariakoo kama manyoya. Akapuliza, akafuta, akafunga. Ngazi ya kwanza ilikubali. Akarukia ya mwisho, ikawaka, ikafanya kazi kidogo, ikaganda. Bati la kupozea lilikuwa la moto hata kidole hakikai. Akashuka kwenye ile ya kabla ya mwisho. Haikuganda. Akabonyeza noti kumi kwa vidole vyote, sauti ikatoka safi, imejaa, bila mkwaruzo.

Alijua ni ngazi ipi. Alijiambia ni siku moja tu.

Jumapili asubuhi maduka yanapofungwa Kariakoo inapata utulivu, na Jumapili ile Moza aliamka na nafuu. Alioga, akajifunga kanga mpya, akaomba chai ya tangawizi. Alikaa kwenye kiti mbele ya maiki, Awadhi akaanza taratibu, gitaa na besi tu, akimwangalia.

Ndipo alipomsikia. Haikuwa sauti ya jikoni. Ilikuwa nzito, imetulia, inayoingia nyuma ya mdundo kwa makusudi na kukufanya umsogelee. Alipohitaji pumzi, Awadhi alizunguka na gitaa akamngoja. Akarudi, wakaondoka pamoja. Beti ya kwanza, kiitikio, beti ya pili, kiitikio, mpaka mwisho. Moza alipomaliza alikuwa anahema na anacheka.

"Umeniona?" alisema. "Eh? Umeniona?"

Awadhi aliondoa vidole kwenye kibodi. Alihifadhi kazi, akamsindikiza dada yake kitandani, akamwekea mito yake. Aliporudi chumbani, kioo cha kompyuta kilikuwa na maandishi ya makosa. Alizima akawasha. Haikuwaka. Akarudisha mwendo wa zamani, akawasha tena, na tena, na mara ya mwisho ikawaka nusunusu. Jina la wimbo lilikuwapo. Alilifungua, akavaa hedifoni, na kilichotoka ni mkwaruzo mmoja mrefu, kama mvua juu ya bati.

Jumatatu duka la mzee Shashikant lilipofunguliwa, Awadhi alikuwa ameshasimama mlangoni na mashine kifuani. Jaimin aliitoa diski, akaifunga kwenye mashine nyingine, akajaribu kila programu aliyokuwa nayo. Ilipofika mchana aliacha.

"Ulikaa pale," alisema.

"Nilikaa."

"Nilikwambia usikae."

"Jaimin, aliimba wote. Aliimba wimbo wote."

Awadhi alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye maboksi. Mzee Shashikant alisogea kutoka mbele, akamwangalia, akamletea chai ya maziwa kwenye glasi, akamsimamia mpaka akainywa. Mzee akasema maneno machache kwa Kigujarati kwa mwanawe. Jaimin aliguna, akaenda kwenye kompyuta yake mwenyewe, ile aliyochezea gemu na kujivunia mbele ya marafiki, akaifungua, akang'oa kutoka ndani yake bati la kupozea kubwa kama tofali, lenye mapezi membamba na feni ya upana wa kiganja.

"Twende kwako," alisema. "Safari hii tunafanya mimi na wewe, na hatuharakishi."

Hawakuharakisha, ingawa kila saa ilimuuma Awadhi kama jino. Moza alikuwa amezidiwa Jumapili ileile jioni na kulazwa. Asubuhi na jioni Awadhi alikuwa wodini, na katikati alikuwa sakafuni na Jaimin. Waliifuta ile pesti ya zamani ya kupitishia joto, iliyokauka juu ya prosesa, wakapaka mpya, tone dogo kama punje ya mchele. "Ukijaza nyingi, unaivisha blanketi," Jaimin alisema. Walifunga lile bati kubwa. Waliweka feni moja mbele inayovuta hewa ndani na nyingine nyuma inayosukuma joto nje, wakafunga nyaya pembeni zisizibe njia ya hewa. Wakafunga diski nyingine. Kisha wakapanda: ngazi, kazi ngumu, kupima joto, kusubiri. Ile ya kabla ya mwisho waliipita bila kusimama. Kwenye ya mwisho mashine iliganda mara moja, na Awadhi akafunika uso. Jaimin akaongeza umeme wa prosesa kidogo sana.

"Hapa ndipo watu wanapoua mashine," alisema. "Ukiona imekubali, unaacha. Huongezi ili ufurahi."

Wakaiacha ikihesabu mahesabu mazito tangu asubuhi, jua la saa saba likachoma bati la nyumba, chumba kikawa tanuri, na haikuganda. Joto lilipanda, likafika mahali, likasimama hapohapo.

Ikabaki kelele. Feni zile tatu zilinguruma kama mashine ya kusaga, na maiki ingezinasa zote. Kuzizima haikuwezekana. Wakatoboa tundu ukutani chini ya kitanda, wakapitisha nyaya, wakaihamishia mashine kwenye ukumbi wa nyumba. Awadhi alizunguka kwa wapangaji wote kuwaomba wasipitishe majiko ya mkaa karibu nayo, na Hyasinta, mpangaji wa chumba cha mbele, akajitolea kukaa nayo na kuifukuzia moshi.

Moza aliruhusiwa kurudi nyumbani. Hakuwa amepona, ila aliwaambia madaktari kama wanamtaka abaki wamfunge kamba. Jumapili iliyofuata Awadhi alimbeba kutoka chumbani kwake mpaka kwenye kiti, na alishtuka alivyokuwa mwepesi.

"Dada, tunaweza kungoja wiki nyingine."

"Piga."

Alipiga. Mashine ilikuwa ukumbini na chumbani kulikuwa kimya kabisa, hivyo kila kitu kilisikika: kanga ikisugua kiti, na pumzi ya Moza, fupi, ikikwama njiani. Aliimba beti ya kwanza polepole sana, Awadhi akizunguka na gitaa kila baada ya maneno mawili matatu. Sauti ilikuwa imebaki chini tu. Juu alipopajua hakupafikia, akapasema tu bila kuimba. Kiitikio alikiimba. Akanyamaza, akapumua. Awadhi alizunguka, akazunguka tena, akampa nafasi ya beti ya pili. Moza alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alijaribu mara nyingine, mishipa ya shingo imesimama, kisha akainua mkono, akauzungusha hewani vile waimbaji wanavyowaashiria wapigaji: endelea, usisimame.

Awadhi aliendelea, machozi yakimwingia mdomoni. Alipiga beti nzima bila mwimbaji. Mashine haikukatika hata mara moja. Mwishoni Moza alirudi kwenye kiitikio, nusu yake, akainamisha kichwa.

Safari hii Awadhi hakufanya lolote kabla ya kunakili kwenye sidii mbili. Jioni alimpelekea hedifoni kitandani. Moza alisikiliza, uso hauonyeshi kitu.

"Huyu mgonjwa ni nani?" aliuliza.

"Dada."

"Ile ya kwanza ilikuwaje? Ile iliyopotea."

Awadhi alitafuta uongo, akaukosa. "Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Na niliipoteza mimi. Niliambiwa, sikusikia."

Moza alijisogeza kwenye mito. Alionekana kuchoka tu.

"Basi ulinisikia," alisema. "Mtu mmoja si haba." Kisha akavaa hedifoni tena, akasikiliza mara ya pili kwa namna nyingine, kidole kikigonga shuka. "Hapa umenitangulia. Na hapa besi imezidi. Nikipata nafuu tutarudia beti ya pili, usiifute hiyo nafasi. Nitaingia palepale."

Kila siku iliyofuata alizungumzia beti ya pili. Alimpa Awadhi maneno yake kwa kunong'ona ili asije akayasahau. Alimwambia apunguze besi, akapunguza. Alimwambia amtafute mpiga tarumbeta wa bendi yao anayekaa mtaa wa Gerezani, Awadhi akaenda, akaambiwa amehama. Mashine ilikaa ukumbini ikisubiri, Hyasinta akiifunika kwa kanga asubuhi ili vumbi lisiingie na kuifunua inapowashwa.

Moza alifariki mchana wa siku ya kazi, ameegemea mito yake, soko likiwa limechangamka nje. Walimzika jioni ileile. Mzee Shashikant alifunga duka, yeye na Jaimin wakasimama pembeni ya makaburi mikono mbele, viatu vimejaa mchanga.

Baada ya matanga vijana walirudi na mistari yao, na Awadhi akafanya kazi, kwa sababu kodi ya chumba haingojei. Waliisifu mashine. Walisema hakuna studio Kariakoo yenye kompyuta inayokwenda hivi. Aliwajibu ndiyo, akatazama pembeni.

Wimbo wa dada yake aliupeleka kwenye redio moja. Mtangazaji aliusikiliza mpaka katikati, akavua hedifoni.

"Mbona hapa hakuna mwimbaji?" aliuliza. "Vyombo vinazunguka tu. Ukate hapo, uunganishe kiitikio kwa kiitikio, tutaona."

"Hapo hapakatwi," Awadhi alisema.

"Basi haitapigwa, kaka."

Alirudi kwa miguu mpaka Kariakoo, sidii mfukoni. Jaimin alimwona akipita, akamwita ndani, akaiomba, akaiweka kwenye spika za dukani. Mteja mmoja mwanamke, mtu mzima, aliyekuwa akipima kitenge mabegani, alisimama kusikiliza mpaka beti ile isiyo na mwimbaji ikapita, kisha akaendelea kubishana bei na mzee Shashikant.